Nguvu ya Injini na Utulivu Wake: Habari ya Magari ya Mashindano Katika Nchi ya Mlima Kenya

Msomaji, huenda siku moja umesimama kando ya barabara mjini Nyeri, au Karatina, au Nanyuki, ukaliona gari la mashindano likingoja zamu yake ya kuondoka. Gari lenyewe limesimama, wala dereva hakanyagi mafuta, lakini injini haitulii. Inanguruma, inasita, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Mara inakaribia kuzimika, mara inafufuka tena kwa kishindo. Kando yake kuna gari kuukuu lililobeba magunia ya kabichi, nalo limewashwa pia. Sauti yake ni moja, taratibu, kama mwanamke mzee asagaye nafaka. Ukiulizwa ni lipi lililo zima na lipi lililo gonjwa, bila shaka utasema kwamba la kabichi ni zima. Lakini bendera ikishushwa, lile linalotetemeka ndilo litakalotoweka kwanza nyuma ya kilima.

Kwa nini chombo chenye nguvu zaidi kikose utulivu? Na fundi afanye nini ili kisizimike njiani? Maswali haya yaonekana kuwa ya gereji tu, lakini yana historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo imeandikwa katika tope la barabara zinazouzunguka Mlima Kenya. Nataka tuifuate pamoja, kwa maana ndani yake mna jambo ambalo kila kijana anayejifunza kazi yapasa alijue.

Tuanze na chombo chenyewe. Ndani ya injini ya petroli mna fimbo ya chuma yenye nundu, nayo huitwa kemshafti. Fimbo inapozunguka, kila nundu husukuma valvu moja na kuifungua. Nundu ikiisha kupita, springi huifunga valvu. Wazo la nundu inayozunguka na kusukuma si geni duniani. Mwaka 1206 mhandisi Mwislamu aitwaye al-Jazari, aliyeishi katika nchi ya mito ya Hijla na Furati, alieleza katika kitabu chake mitambo iliyoendeshwa kwa fimbo za namna hiyo. Miaka 670 baadaye, yaani mwaka 1876, Nikolaus Otto wa Ujerumani alitengeneza injini yenye hatua nne: kuvuta hewa na mafuta, kugandamiza, kuchoma, na kutoa moshi. Katika injini ya hatua nne kemshafti huzunguka mara moja wakati fimbo kuu ya injini inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo kemshafti ndiyo saa ya injini. Ndiyo inayosema: sasa mlango wa hewa ufunguke, sasa ufungwe, sasa mlango wa moshi ufunguke, sasa ufungwe.

Mtu akitaka injini yake iwe na nguvu nyingi katika mwendo wa kasi, njia moja ni kuibadili saa hiyo. Huitoa kemshafti ya kawaida, akaitia nyingine yenye nundu ndefu zaidi na pana zaidi. Nundu ndefu huifungua valvu kwa kina; nundu pana huiacha wazi kwa muda mrefu. Injini inapozunguka mara 6,000 au 7,000 kwa dakika, muda wa kuvuta hewa ni mfupi mno, kufumba na kufumbua; basi mlango ukikaa wazi zaidi, hewa nyingi huingia, na nguvu huongezeka.

Lakini hakuna faida isiyo na gharama. Nundu zikiwa pana, mlango wa hewa hufunguka kabla ya mlango wa moshi kufungwa, na milango yote miwili hukaa wazi pamoja kwa kitambo. Katika mwendo wa kasi hilo halina dhara, kwa maana moshi hutoka kwa nguvu na kuivuta hewa mpya nyuma yake. Gari likisimama, mambo hugeuka. Moshi hutembea polepole. Badala ya kutoka, sehemu yake hurudi kwenye njia ya hewa na kuchanganyika na petroli mpya. Mchanganyiko huo uliochafuka huwaka vibaya: silinda moja huwaka, nyingine husita, na injini nzima hutetemeka. Hiyo ndiyo homa uliyoiona pale kando ya barabara. Si ugonjwa; ni deni la kasi, na hulipwa wakati wa kusimama.

Sasa natuitazame barabara. Mwaka 1953, kuanzia mwisho wa mwezi wa Mei, yalifanywa kwa mara ya kwanza mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Katika miaka ile ya mwanzo magari yaliwekwa katika makundi kwa kufuata bei yake ya dukani, nayo yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa. Yaani, mtu hakuruhusiwa kutia kemshafti kali wala kuigeuza injini. Nia ilikuwa kupima kama gari ambalo mtu yeyote mwenye fedha angeweza kulinunua lingestahimili njia za Afrika Mashariki.

Nimesema mtu mwenye fedha. Yafaa tusipite hapo haraka. Mwaka ule wa 1953 nchi ya Mlima Kenya haikuwa na raha. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na wakati madereva wa kwanza walipokuwa wakijaza matangi yao, watu wa Nyeri, wa Murang'a, wa Embu na wa Meru hawakuwa huru hata kwenda soko la jirani bila ruhusa. Tangu mwaka 1954 maelfu kwa maelfu yao walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alikamatwa mwezi wa Oktoba 1956, akanyongwa mwezi wa Februari 1957. Na mwaka huo huo mashindano ya magari yalifanywa kama ilivyokuwa desturi. Naandika haya si kwa kuyalaumu magari, kwa kuwa chuma hakina dhambi. Naandika ili ufahamu kwamba wakati mmoja na nchi moja vyaweza kubeba historia mbili, moja ikikimbia na moja ikiwa imefungwa, na mwanafunzi wa historia hapaswi kuisoma moja na kuisahau nyingine.

Miaka ikapita, masharti yakalegezwa. Viwanda vya Ulaya, na baadaye vya Japani, viliona kwamba gari likishinda Afrika Mashariki hununuliwa duniani kote. Vikaleta magari yaliyotengenezwa maalumu, yenye springi ngumu, matangi makubwa, na injini zilizotiwa kemshafti kali na kabureta mbili au tatu. Hapo ndipo tatizo la injini isiyotulia lilipoingia katika nchi yetu kwa wingi. Na hapo ndipo mafundi wa kigeni walipokutana na mwalimu ambaye hawakumtazamia, naye ni mlima.

Mji wa Nyeri umekaa kwenye kimo cha mita 1,750 hivi juu ya bahari. Nanyuki, penye mstari wa ikweta, uko juu zaidi. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi: mgandamizo wake umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganishwa na ule wa Mombasa. Wewe unayeishi huku umekwisha kuuona ushahidi wake, ingawa labda hukuutambua. Maji ya Nyeri huchemka kwenye joto la nyuzi 94 hivi, si 100, na kwa sababu hiyo githeri hukawia jikoni. Tena mgeni atokaye pwani akipanda ngazi za shule huhema, nawe humcheka.

Injini nayo huhema. Kila inapovuta, hupata hewa kidogo kuliko ilivyozoea, na nguvu zake hupungua. Na liko jambo baya zaidi. Kabureta ya zamani haina akili ya kuipima hewa kwa uzito. Huipima kwa wingi wa nafasi inayopita na kwa mwendo wake. Hewa ikiwa nyepesi, kabureta haijui. Huendelea kumimina petroli kama kwamba bado iko ufukoni. Petroli huzidi, hewa hupungua, plagi huingia masizi meusi, na injini ambayo ilikuwa ikitetemeka kidogo tu huko Ulaya huzimika kabisa inapofika penye mlima. Fundi akipunguza petroli ili injini itulie Nyeri, jambo lingine humngoja. Njia ya mashindano hushuka. Na gari lililopunguziwa petroli mlimani likifika pwani hukuta hewa nzito, mchanganyiko wake hukosa petroli ya kutosha, joto hupanda, na pistoni yaweza kutoboka. Mafundi wa mashindano walipaswa kuchagua kipimo cha katikati ambacho hakikupendeza kikamilifu mahali popote, lakini kilivumilika kila mahali.

Mlima wenyewe haukuwa na huruma. Mashindano yalifanywa kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, ambao ndio wakati wa mvua za masika. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya, ulio baraka kwa kahawa na chai, huwa kama sabuni ukilowa. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na mwaka 1968 pia saba tu. Katika miaka hiyo miwili walioshinda walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404. Utaona kwamba lile halikuwa gari la kutisha. Lilikuwa gari la familia, gumu, lenye adabu, na watu wa Kenya walilijua vizuri, maana ndugu zake wa aina ya pikapu ndiyo yaliyogeuzwa kuwa matatu, yakabeba watu na kuku na ndizi katika barabara hizo hizo.

Hebu fikiri jinsi kutotulia kwa injini kulivyoweza kumharibia dereva kazi yake. Gari limekwama katika tope. Dereva hawezi kukanyaga mafuta kwa nguvu, kwa sababu magurudumu yatajichimbia kaburi. Ahitaji injini inayozunguka polepole na kuvuta polepole. Lakini kemshafti kali haina nguvu chini ya mizunguko 2,000 au 3,000. Akipunguza mafuta injini huzimika, akiongeza magurudumu huchimba. Au fikiri kituo cha ukaguzi, usiku wa manane, mvua inanyesha. Dereva amesimama ili kadi yake ipigwe muhuri, injini imezimika, na plagi zimelowa petroli. Dakika tatu alizozipata kwa kasi huzipoteza hapo, na dakika nyingine kumi juu yake.

Basi fundi hutulizaje injini ya namna hii? Nitakueleza kwa mfano nilioushuhudia mwenyewe. Miaka michache baada ya kuhitimu chuo cha ualimu nilikuwa na jirani, kijana mpenda mbio, aliyekuwa na Datsun ya zamani yenye kabureta. Alinunua kemshafti ya mashindano, akaifunga mwenyewe kwa kufuata kitabu, na siku ya kwanza gari lilizimika mara nne kati ya nyumbani kwake na soko la Nyeri. Alidhani ameuziwa kitu kibovu. Tukampeleka kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya magari chini ya mti wa mwarobaini, mtu wa maneno machache, ambaye katika ujana wake aliwahi kuosha vyombo vya kazi na kushika taa katika magari ya mashindano yalipopita.

Mzee hakugusa kabureta. Hilo lilinishangaza. Kwanza aliiacha injini ipate moto, kisha akaizima na kupima nafasi iliyopo kati ya kila nundu na valvu yake, kwa vipande vyembamba vya chuma. Mbili kati yake hazikuwa sawa, akazirekebisha. Pili akapima wakati wa cheche. Alieleza kwamba mchanganyiko uliochafuka na moshi huwaka polepole, kwa hiyo yafaa cheche itolewe mapema kidogo kuliko desturi. Akailegeza distributa, akaizungusha kiasi kidogo, akaifunga. Ndipo akaunganisha kipimo cha mvuto, yaani saa ndogo inayoonyesha jinsi injini inavyofyonza hewa. Sindano ilichezacheza, kisha ikasimama kwenye inchi 10.

Kijana akafungua kitabu chake. "Mzee," akasema, "hapa pameandikwa kwamba injini nzima huonyesha inchi 18. Yangu imekufa."

Mzee akacheka. "Kijana wangu, kitabu hiki kiliandikwa na mtu aliyekaa kando ya bahari. Toa sita za mlima. Halafu toa mbili za hiyo kemshafti yako. Zimebaki ngapi?"

Zilibaki kumi. Hesabu hiyo, msomaji, yaweza kuandikwa katika daftari la fizikia bila haya. Kwa kila mita 300 unazopanda, kipimo cha mvuto hupungua kwa inchi moja hivi ya zebaki. Na kutoka baharini mpaka Nyeri ni karibu mara sita. Gari halikuwa gonjwa. Lilikuwa Nyeri.

Baada ya hayo mzee alishika bisibisi. Kabureta ina skrubu mbili zinazohusika na kutulia: moja huamua mlango wa hewa ubaki wazi kiasi gani wakati dereva hakanyagi mafuta, nayo ndiyo ya mwendo, nyingine huamua petroli kiasi gani ichanganywe, nayo ndiyo ya mchanganyiko. Akaipandisha ile ya kwanza mpaka injini ikazunguka mara 1,100 hivi kwa dakika. Kisha akaigeuza ile ya pili kidogo kidogo, robo ya mzunguko, akingoja kila mara mpaka injini ionyeshe imekubali au imekataa. Sindano ilipofika juu kabisa na kuacha kucheza, akasimama. Mwendo ulikuwa umepanda. Akaushusha kwa skrubu ya kwanza. Mchanganyiko ukawa umebadilika; akaurudia kwa skrubu ya pili. Alirudia hivyo mara tatu au nne, kama mtu apimaye sukari na mchele katika mizani moja, akipunguza huku na kuongeza kule. Mwishoni injini ilitulia kwenye mizunguko 1,000. Haikuwa na utulivu wa gari la kabichi. Ilikuwa na mnguruko wake, lakini ilikuwa haizimiki.

"Ukiitaka mia saba kama zamani," mzee alimwambia kijana, "irudishe kemshafti ya zamani. Huwezi kula mkate na kuuweka kabatini."

Nilimwuliza kwa nini asifungue tu skrubu ya mwendo tangu mwanzo na kumaliza kazi kwa dakika moja. Akanijibu kwamba wengi hufanya hivyo, na ndipo hupotea. Mlango wa hewa ukifunguliwa kupita kiasi, petroli huanza kupita katika vitundu vingine vilivyowekwa kwa ajili ya mwendo wa mbele. Tangu hapo skrubu ya mchanganyiko haina amri tena, na uizungushe utakavyo injini haikusikii. Kwa hiyo yapasa valvu na cheche zitengenezwe kwanza, ili mlango wa hewa usilazimishwe kufunika makosa ya wengine. Nilirudi nyumbani nikiyafikiri maneno hayo. Mara ngapi sisi walimu tumempandishia sauti mtoto darasani, hali kosa liko mahali pengine, katika njaa aliyotoka nayo nyumbani au katika somo la mwaka jana ambalo hakulielewa?

Kwa magari yenye kabureta mbili kazi huwa mara mbili, kwa sababu hapana budi zivute sawasawa. Mafundi wa zamani walitumia kipande cha mpira wa bomba: ncha moja huwekwa mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni. Fundi husikiliza mvumo wa hewa katika kabureta ya kwanza, kisha katika ya pili, na kurekebisha mpaka mivumo miwili ifanane. Huo ni ujuzi wa sikio, nao haupatikani kwa siku moja.

Turudi sasa kwenye historia, tuone kama ujuzi wa namna hii ulikuwa na uzito wowote katika ushindi. Mwaka 1965 mashindano yalishindwa na Joginder Singh pamoja na ndugu yake Jaswant. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, naye kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi, aliyejifunza kazi katika gereji ya baba yake. Gari lake lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha kutumiwa, moja la yale ambayo kiwanda kilikuwa kimeyaleta mwaka uliotangulia na yakashindwa. Mikononi mwa mtu aliyezijua njia na aliyejua kulitengeneza, gari lile lile lilishinda, tena kwa tofauti ya zaidi ya saa nzima.

Mwaka 1974 mashindano yalifanywa ndani ya Kenya peke yake, yakaitwa Safari Rally. Bjorn Waldegard wa Sweden alikuja na Porsche 911 yenye injini ya lita 2.7, mojawapo ya magari makali ya dunia siku hizo. Joginder alikuja na Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6 tu. Mvua ilinyesha, tope likajaa, na gari dogo likamaliza mbele ya lile kubwa. Porsche ikawa ya pili. Mwaka 1976 Joginder akashinda mara ya tatu, na magari matatu ya kwanza yote yakawa Lancer. Ushindi huo haukuletwa na skrubu moja ya kabureta. Uliletwa na mambo elfu, kuanzia matairi hadi uvumilivu wa dereva. Hata hivyo waonyesha jambo moja: katika nchi hii, gari lililolingana na mahali lilishinda mara nyingi gari lililokuwa na nguvu kuliko mahali.

Kuna watu ambao majina yao hayamo katika orodha ya washindi. Ni wale waliolala chini ya magari katika tope la Meru na Embu wakishika taa kwa meno; vijana walioingia gereji za Wahindi na Wazungu kama wafagiaji, wakajifunza kwa kutazama, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kwa makusudi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wengi wao walifungua kazi zao wenyewe, chini ya miti na kando ya barabara, katika zile karakana za wazi ambazo sasa twaziita jua kali. Waliyojifunza katika magari ya mabwana waliyatumia katika matatu na malori yaliyobeba chakula cha nchi. Vitabu vya viwanda viliandikwa mbali. Wao ndio walioandika, kwa mikono tu na bila wino, sura iliyokosekana, ile ya kimo na vumbi na petroli ya huku kwetu. Mzee wa chini ya mwarobaini alikuwa msomi wa sura hiyo.

Leo magari mengi hayana kabureta. Petroli hurushwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, nazo hupima mgandamizo wa hewa na kujirekebisha zenyewe, mtu akitoka Mombasa mpaka Nanyuki bila kuligusa gari. Hata hivyo tatizo halikufa. Mtu akitia kemshafti kali katika injini ya kompyuta, kompyuta husoma mvuto hafifu na kudhani kwamba dereva amekanyaga mafuta; humimina petroli, na injini hutetemeka vile vile. Hapo fundi hubadili hesabu zilizomo ndani ya kompyuta badala ya kuzungusha skrubu, lakini fikira ni ile ile: kwanza jua mahali ulipo, ndipo upime. Na kabureta zenyewe hazikutoweka zote. Tangu mwaka 2003 yamekuwako mashindano ya magari ya zamani yanayopita katika nchi zetu, na humo sikio la fundi bado lina thamani. Safari Rally yenyewe iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudishwa mwaka 2021, na makao yake yakawa Naivasha.

Sasa, msomaji, nakuomba ukumbuke mambo mawili. La kwanza ni kwamba nguvu ina deni. Kila anayetaka kwenda kasi kuliko wenzake yapasa ajiulize jinsi atakavyosimama, maana hakuna safari isiyo na vituo. La pili ni kwamba kipimo kilichoandikwa kwingine si uongo, lakini hakijakamilika mpaka wewe uongeze sehemu ya kwenu. Yule kijana mwenye kitabu hakukosea kukisoma. Alikosea kudhani kwamba gari lake limekufa kwa sababu halikulingana na ukurasa. Wako vijana wengi ambao wamejipima kwa kurasa zilizoandikwa ufukoni, wakajiona wamepungukiwa, hali wamekaa juu ya mlima na wanavuta hewa nyepesi kwa nguvu zao zote.

Kila mlango na ufunguo wake. Ukipita tena Nyeri ukaisikia injini kali ikisita pale iliposimama, usicheke upesi. Sikiliza kama haizimiki. Ikiwa haizimiki, basi jua kwamba yuko mtu aliyeinama juu yake kwa saikio lake na bisibisi yake, akatoa sita za mlima, akatoa mbili za kemshafti, na akaridhika na zilizobaki.